Shajara ya mradi: jozi moja ya mawe na jina Miller

Mradi una miguu miwili. Wa kwanza ni kunoa upya jozi moja ya mawe ya kusagia ngano katika kinu cha maji kusini mwa Uingereza. Mawe yana upana wa futi 4, yaani sentimita 122, na yamekaa muda mrefu bila kuguswa. Wa pili ni kijitabu cha Kiswahili cha kueleza kazi ya msaga nafaka wa Ulaya na jinsi kazi hiyo ilivyogeuka jina la ukoo: Miller kwa Waingereza, Müller kwa Wajerumani. Tunaandika mwisho wa wiki. Wiki isiyo na jambo tunaipita.

Kuhusu maneno. Msomaji wa Tanga au Mombasa akiona "kinu" atawaza kinu na mchi. Humu kinu ni jengo zima: gurudumu la maji, magurudumu ya meno, mihimili na mawe. Mwenye kazi tunamwita "msaga nafaka" au "mwenye kinu", maana "msagaji" likisimama peke yake mtaani lina maana nyingine isiyohusu unga.

Wiki ya 1: kufungua

Vyombo vilivyo juu ya mawe vimeshushwa kwa mpangilio huu: sanduku la kumiminia nafaka, fremu inayolibeba, mfereji mfupi wa mbao uliolala mteremko chini yake, kisha pipa pana la mbao linalofunika mawe ili unga usiruke. Waingereza wenyewe huviita kwa majina ya nyumbani. Fremu ni "farasi", mfereji ni "kiatu", na kile chuma cha pembe nne kinachosimama katikati na kukigonga kiatu ni "binti", kwa sababu jiwe likizunguka hanyamazi. Pembe ni nne, kwa hiyo kila mzunguko kiatu hugongwa mara nne na kumwaga nafaka kidogo kwenye tundu la katikati ya jiwe. Maji yakiongezeka jiwe hukimbia, binti hugonga zaidi, na nafaka huongezeka bila mtu kugusa kitu. Mtambo wa kujilisha wenyewe, na haujahitaji hata waya mmoja.

Jiwe la juu limeinuliwa kwa kreni ya mbao yenye skrubu na mikono miwili ya chuma iliyopinda. Kila mkono una pini inayoingia kwenye tundu ubavuni mwa jiwe. Jiwe likiwa jipya hukaribia tani moja. Letu limelika hadi unene wa sentimita 22 kwenye ukingo, na tumekadiria kilo 650 hivi. Inua sentimita 2, simama, ingiza kabari, kagua pini. Tundu moja lilikuwa limejaa plasta iliyovimba, pini ikaingia nusu tu. Lingeinuliwa hivyo, jiwe lingechomoka wakati wa kugeuzwa, na jiwe la uzito huo halikamatwi kwa mkono. Tundu limesafishwa, pini ikazama yote, jiwe likapinduliwa uso juu.

Mitaro iliyobaki usoni haifiki milimita 2 kwenda chini. Ndani yake kuna unga wa zamani ulioshika unyevu na kuwa mgumu kama saruji, pamoja na maganda ya fukusi. Jiwe la chini lina sehemu inayong'aa upande mmoja tu wa ukingo. Mng'ao wa upande mmoja maana yake mhimili haukusimama wima, kwa hiyo jiwe la juu lilikuwa likielemea upande huo. Limeandikwa, litashughulikiwa wiki ya mhimili.

Wiki ya 2: jiwe lenyewe, na kupima uso

Mawe ni ya Kifaransa. Hayakuchongwa kutoka mwamba mmoja. Ni vipande vya kwazi ya rangi ya maziwa na kahawia, vya machimbo ya La Ferté-sous-Jouarre, bonde la mto Marne mashariki ya Paris, vilivyounganishwa kama tofali, vikafungwa kwa mikanda ya chuma iliyovishwa ikiwa moto ili ikipoa ibane, kisha mgongoni vikamiminiwa plasta. Sababu ya kuagiza jiwe kutoka ng'ambo ya bahari huku Uingereza ina mawe tele: kwazi hii ni ngumu, haimwagi mchanga katika unga, na ina vitundu vidogo ambavyo kila jiwe likilika hufunguka vingine na kuleta makali mapya. Mawe ya kijivu ya Derbyshire yalibaki kwa shayiri na chakula cha mifugo. Yako pia yale ya volkano kutoka Mayen na Niedermendig, Ujerumani, yaliyopita Cologne kwa mto Rhine, ndiyo maana Waingereza waliyaita kwa jina la mji huo wakalivuruga matamshi.

Kabla ya kukata mtaro wowote uso lazima uwe tambarare. Kipimo ni mbao iliyonyooka, ndefu kidogo kuliko upana wa jiwe, iliyopakwa udongo mwekundu wa oksidi ya chuma uliochanganywa na maji. Unaipitisha juu ya jiwe. Penye mwinuko rangi inabaki. Unagonga palipo pekundu, unafagia, unapitisha tena.

Siku ya kwanza tulipaka rangi nyingi na jiwe zima likawa jekundu, kipimo kikawa hakina maana. Rangi iwe utando tu; ukiweka kidole kitoke na vumbi, kisitoke na tope. Kosa la pili ni kuiamini mbao. Mbao hunywa unyevu na kupinda, hivyo yenyewe huhakikiwa kwa rula ya chuma kila asubuhi. Yetu ilikuwa imepinda milimita 1 katikati baada ya usiku mmoja wa mvua.

Tambarare kabisa hakutakiwi popote. Kuzunguka tundu la katikati uso hushuka kidogo kama sahani ili punje ipate pa kuingilia, kisha nafasi inazidi kubana kuelekea ukingoni. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chao: unene wa karatasi ya kaki karibu na tundu, unene wa karatasi laini ya kufungia zawadi ukingoni.

Wiki ya 3: mitaro na matuta

Hii ndiyo wiki nzito, na ndiyo iliyotuchelewesha siku nne.

Uso wa jiwe umegawanywa mafungu kumi, na kila fungu lina mitaro minne iliyo sambamba: mrefu unaoanzia karibu na tundu hadi ukingoni, kisha mitatu inayozidi kufupika. Kati ya mtaro na mtaro kuna tuta, yaani sehemu tambarare inayosaga. Mtaro haukatwi kama herufi U. Upande mmoja una ukuta uliosimama, upande wa pili unapanda polepole hadi kukutana na tuta, na hapo ndipo penye makali. Upana wa mitaro yetu ni milimita 32, na tumekata hadi milimita 6 upande wa ukuta. Mtaro una kazi tatu: kukata punje kama mkasi, kusukuma unga kwenda nje, na kupitisha hewa ili unga usiungue.

Habari ya mkasi ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu anayechora mitaro kwa mara ya kwanza hufikiri jiwe la juu liwe kioo cha jiwe la chini, kushoto kwa kulia. Ukifanya hivyo umeharibu mawe mawili kwa pamoja. Mawe yote mawili, yakiwa yamelala uso juu, huchorwa sawasawa, mitaro ikielekea upande uleule. Ukishalipindua la juu na kuliweka mahali pake, mitaro yake inakatiza ile ya chini yenyewe, na jiwe likizunguka kila makutano yanatembea kutoka tundu kwenda ukingoni, yakikata na kusukuma. Ukichora kioo, mitaro ya juu na ya chini italala sambamba, hakuna mkasi, na punje zitabingirika tu humo ndani.

Tulitengeneza karatasi mbili za plastiki ngavu zenye mchoro uleule, tukaigeuza moja juu ya nyingine na kuizungusha. Dakika tano za kazi hiyo zimemwelewesha kila mtu kuliko maelezo ya saa nzima. Kijitabu kitakuwa na mchoro huo wa kukata kwa mkasi.

Mwelekeo nao una mkono wake. Mawe yetu huzunguka kufuata saa. Mitaro iliyochorwa kwa mawe yanayokwenda kinyume ingeuvuta unga kurudi katikati, tundu lingejaa, nafaka ingefurika juu. Kabla ya kugusa chuma tulizungusha gurudumu kwa mkono na kuchora mshale kwa chaki kwenye kila jiwe. Mshale wa jiwe la juu unasomeka kinyume likiwa limepinduliwa, na ndiyo sababu ya siku nne: mshale mmoja ulichorwa wakati jiwe limelala chali bila kuandikwa hivyo, ikabidi tupime upya fungu zima lililokwisha kuchorwa. Halikuwa limekatwa bado, shukrani.

Wiki ya 4: kwa nini mtu huyu na si mwingine

Mguu wa pili. Rasimu ya kwanza ya kijitabu ilisema jina Miller limeenea kwa sababu wasaga nafaka walikuwa wengi. Tumelifuta sentensi hilo. Wakulima walikuwa wengi mara kumi na zaidi, na jina Farmer ni adimu likilinganishwa na Miller. Jina la kazi hushika pale kazi inapomtenga mtu na wenzake. Kijijini kila mtu analima, kwa hiyo kumwita mtu "Yohana mkulima" hakusaidii kumpata. Lakini mwenye kinu ni mmoja. "Yohana wa kinu" ni yule yule, hakuna wa kumchanganya naye. Basi wingi wa Miller ni wingi wa vijiji vyenye mtu mmoja wa namna hiyo, sawa na Smith, mhunzi.

Hesabu inakubali. Kitabu cha sensa ya mali cha mwaka 1086, Domesday, kinaorodhesha makazi zaidi ya 13,000 ya Uingereza na vinu takribani 6,000, karibu vyote vya maji. Ni kama kinu kimoja kwa vijiji viwili. Vinu vya upepo viliingia baadaye, mwishoni mwa karne ya 12.

Na si kwamba watu walishindwa kusaga nyumbani. Mawe ya mkono yalikuwepo tangu zamani, na kama huku kwetu kazi hiyo ilikuwa zaidi ya wanawake. Kazi ya kila nyumba haimpi mtu jina. Ndiyo maana hata Afrika Mashariki, ambako kila jiko lilikuwa na jiwe lake la kusagia au kinu na mchi, hatujui ukoo uliotokana nayo. Ulaya jina lilizaliwa pale bwana wa ardhi alipojenga kinu kwa gharama kubwa na kuwalazimisha wapangaji wake wasage humo tu.

St Albans, mji wa Uingereza, ndipo mfano ulipo wazi kuliko kote. Abati Richard wa Wallingford, aliyeongoza abasia, yaani nyumba ya watawa, kuanzia 1327 hadi 1336, aliwanyang'anya watu wa mji mawe yao ya mkono na kuyatandaza kama sakafu ndani ya abasia. Kila aliyekwenda kuonana na watawa aliyakanyaga mawe ya bibi yake. Katika uasi wa 1381 watu wa mji waliingia, wakaing'oa ile sakafu, wakavunja mawe na kugawana vipande. Huko Bury St Edmunds, mwaka 1191, mkasa ulikuwa wa kinu cha upepo: kasisi Herbert alijijengea chake, abati Samson akaamuru kibomolewe, na Herbert akakibomoa mwenyewe kabla watumishi wa abati hawajafika.

Wiki ya 5: mistari midogo

Matuta nayo hayaachwi laini. Juu yake hukatwa mistari myembamba sambamba na mitaro, na hiyo ndiyo inayokwangua ganda la ngano. Fundi stadi aliweza kukata mistari 16 katika inchi moja. Sisi tunakata 8 na hatuoni aibu. Mistari 8 iliyonyooka ni bora kuliko 16 iliyovukana.

Zana ni sululu ndogo ya makali mawili: kabari ya chuma cha pua yenye ukali kila upande, inayochomekwa kwenye tundu la mpini mnene wa mti na kuchomolewa kwa kunolewa. Fundi hulala ubavu, kiwiko kikiegemea mfuko wa pumba, na kuiacha sululu ianguke kwa uzito wake. Anayepiga kwa nguvu huvunja ukingo wa tuta. Kwenye kwazi ukali hufa baada ya dakika 15 hivi, kwa hiyo tuna sululu 20 zinazozunguka kati ya mawe na jiwe la kunolea. Zile zilizokazwa kupita kiasi kwenye moto zinameguka ncha. Zilizokazwa kidogo zinapinda. Rangi inayofaa wakati wa kurudisha ugumu wa makali ni manjano ya majani makavu. Ikifika bluu umechelewa.

Vipande vya chuma huruka na kuingia kwenye ngozi ya mikono, vikaacha madoa meusi yasiyotoka. Zamani fundi wa mawe aliyezunguka vijijini akiomba kazi, mwenye kinu alimwambia akunje mikono ya shati: mwenye madoa mengi alikuwa mzoefu. Sisi tunavaa glavu na miwani. Muhimu zaidi ni barakoa ya daraja la P3, kwa sababu vumbi la kwazi ni silika na hukaa mapafuni maisha yote. Tunanyunyiza maji na kufuta kwa kitambaa kibichi. Kufagia kavu kumepigwa marufuku.

Jiwe la chini: mafungu kumi yamekwisha. Jiwe la juu: sita.

Wiki ya 6: mhimili, mizani, meno

Ule mng'ao wa wiki ya 1. Mhimili unapita katikati ya jiwe la chini na kulibeba jiwe la juu kwa ncha yake, kama sinia juu ya kidole. Kupima wima wake tulifunga kijiti kwenye mhimili, na mwisho wa kijiti unyoya wa bata mzinga uliogusa uso wa jiwe la chini. Zungusha kwa mkono. Unyoya ukisugua sawa pande zote, mhimili uko wima. Wetu ulisugua kwa nguvu kaskazini na kuachana kabisa na jiwe kusini. Tumegonga kabari za beringi ya juu mpaka sauti ya unyoya ikawa moja mzunguko mzima. Sikio hapa linashinda jicho.

Kisha mizani. Jiwe la juu likiwa limekaa juu ya ncha, upande mzito ulishuka milimita 5. Mgongoni kuna visanduku vinne vya chuma vya kutilia risasi, kilo 1.4 upande wa pili imelinyoosha. Hiyo ni mizani ya jiwe lililotulia. Likizunguka linaweza kuyumba tena kwa sababu plasta haina uzito sawa juu na chini, na hilo litaonekana siku ya kusaga.

Gurudumu la maji huzunguka mara 8 kwa dakika na jiwe mara 112, yaani mara 14 zaidi, kupitia hatua mbili za meno. Meno ya mti yanakutana na meno ya chuma makusudi: hayapigi kelele, na likitokea balaa hukatika la mti, ambalo ni rahisi kubadilisha. Gurudumu kubwa limeongezewa jino moja ili hesabu za meno zisigawanyike sawasawa. Kwa hiyo jino lilelile halikutani na mwenzake kila mzunguko, na kulika kunasambaa kwa wote. Tumebadilisha meno matatu kwa mti wa tufaha uliokauka vizuri. Mti mbichi husinyaa na kulegea ndani ya miezi michache.

Wiki ya 7: mitego ya jina

Chanzo ni Kilatini: molina, mahali pa kusagia. Kiingereza cha kale kikapata mylen, Kijerumani Mühle. Kutoka hapo orodha ni ndefu, na kwenye kijitabu tumeipunguza. Mulder na Molenaar kwa Waholanzi, Møller kwa Wadenmaki, Meunier kwa Wafaransa, Molinari kwa Waitaliano, Molnár kwa Wahungaria, Melnyk kwa Waukraine (huko ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote), Morar kwa Waromania. Wagiriki wana Mylonas, kutoka neno lao wenyewe lenye undugu wa mbali na lile la Kilatini. Nje ya mzizi huo lakini kwa kazi hiyohiyo, Waturuki wana Değirmenci na Waarabu wana Tahhan, la mzizi mmoja na tahini.

Mitego sasa. Milner ni Miller aliyehifadhi sauti ya n, na makao yake ni kaskazini ya Uingereza, hasa Yorkshire. Millar ni tahajia ya Uskoti na Ireland ya Kaskazini. Mills na Milne mara nyingi ni mtu aliyeishi karibu na kinu, wala hakuwa na kazi humo. Millward ni mlinzi au msimamizi wa kinu. Boulter yuko jirani: ni mchekechaji wa unga. Katika hati za Kilatini wote hawa wanaweza kuandikwa molendinarius, na anayetafuta babu yake humo asikimbilie kusema amempata.

Kujua kama jina limekwisha kuwa la kurithi kuna njia nzuri: orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Baadhi, hasa za Yorkshire 1379, huandika jina na kazi. Ukimkuta mtu anaitwa Miller na kazi yake ni ushonaji, basi jina ni la baba au babu. Wakikubaliana jina na kazi, hujui bado.

Marekani ndiko mtego mkubwa. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 1,161,437 wenye jina Miller, la 7 kwa wingi nchini. Mwaka 2000 lilikuwa la 6. Sehemu kubwa ya hao hawana babu Mwingereza. Ni Müller, Mueller, Möller, Mulder na wengine walioandika jina kwa namna ambayo jirani ataisoma. Miongoni mwa Waamish wa Ohio, jamii ya Kikristo inayozungumza lahaja ya Kijerumani mpaka leo, Miller ni kati ya majina yaliyoenea zaidi.

Ujerumani kwenyewe Müller ni namba moja, na Uswisi pia. Tulitaka kuandika kwamba basi wenye vinu waliwashinda wahunzi. Hapana. Mhunzi amegawanyika kwa tahajia, Schmidt, Schmitt, Schmid, Schmitz, na ukizijumlisha Müller anapitwa. Namba moja yake ni zawadi ya tahajia, na sentensi hiyo imebaki kwenye kijitabu kwa sababu wengi hukosea hapo.

Wiki ya 8: kusaga

Kilo 10 za kwanza za ngano zimetupwa. Baada ya kunoa kuna vumbi la kwazi na chuma kwenye mitaro, na unga wa kwanza hauliwi na mtu wala kuku.

Kisha kilo 50, ngano yenye unyevu wa asilimia 14. Jiwe la juu linashushwa na kupandishwa kwa boriti iliyo chini ya mhimili, kwa skrubu. Anayesaga anashika unga unaotoka kwenye bomba la mbao na kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa na chembe chembe kama semolina, shusha. Ukiwa laini lakini wa moto, pandisha. Pumba ziwe vipande vipana na bapa. Zikitoka zimekatika ndogo ndogo, mawe yako karibu mno au mistari bado ni mikali mno. Zetu zilikatika. Ni kawaida kwa mawe yaliyotoka kunolewa, na zilianza kupanuka kufikia kilo ya 35.

Joto la unga lilikuwa nyuzi 36. Tulipobana ili kuona, likapanda hadi 47 ndani ya dakika sita, ikaja harufu ya mkate ulioungua, na mitaro ikaanza kushika utando unaong'aa. Unga wa namna hiyo hauumuki vizuri. Tumepandisha jiwe na kupitisha kilo 3 za pumba kavu kusafisha.

Kasi: kilo 62 kwa saa. Jozi ya upana huu yenye maji ya kutosha hutoa kilo 100 hadi 150, ila bwawa letu lina tope na lango halifunguki lote. Jiwe liliyumba kidogo lilipokwenda kasi, kama ilivyotabiriwa. Risasi gramu 300 zimehamishwa kutoka kisanduku cha juu kwenda cha chini.

Kengele imejaribiwa. Ndani ya sanduku la nafaka kuna mkanda wa ngozi unaokandamizwa na uzito wa ngano. Ngano ikipungua mkanda unalegea, kengele inashuka na kugongwa na binti. Mawe yakikosa nafaka hugusana, hutoa cheche, na pembeni kuna vumbi la unga hewani. Mtu hufikiri kengele ni pambo. Ni kizima moto.

Kinachotoka ni unga wa ngano nzima, dona ya ngano kwa msomaji wa Tanzania. Ukitaka mweupe unachekecha.

Wiki ya 9: ushuru, na yaliyobaki

Sehemu ya malipo imekwisha kuandikwa. Mwenye kinu wa zamani kwa kawaida hakulipwa fedha. Alichota sehemu ya nafaka yenyewe kwa kibaba maalumu. Kanuni ya zamani ya Uingereza ilitaja sehemu moja ya 20 au ya 24, kwa kufuata desturi na nguvu ya maji. Kwingine desturi ilikuwa moja ya 16. Kwa gunia la kilo 60, moja ya 24 ni kilo 2.5 na moja ya 16 ni kilo 3.75. Tofauti hiyo ya kilo moja na robo kwa kila gunia ndiyo iliyompa mwenye kinu sifa mbaya katika nchi nyingi, maana mteja hakuwa na mizani yake na unga hupoteza uzito kidogo ukisagwa hata bila mwizi. Sheria ya 1796 iliwataka wenye vinu wa Uingereza walipwe fedha na wabandike bei kinuni.

Mitambo ya roli za chuma, iliyokomazwa Budapest na kuingia Uingereza kwa wingi miaka ya 1880, iliwaondoa wengi wao kazini.

Yaliyobaki: fungu la 7 hadi la 10 la jiwe la juu yana mistari 6 kwa inchi badala ya 8, yatarudiwa baada ya tani 2 za kusaga. Lango la maji linasubiri ubao mpya wa mwaloni. Mkanda wa kengele umepasuka kwenye tundu la pili. Kijitabu: kurasa 24, mchoro wa mitaro umechapwa kama wa mawe yanayozunguka kinyume cha saa na lazima urudiwe, kwa sababu ulivyo sasa utamfundisha msomaji kuvuta unga kurudi tunduni.